Barazani: Kikohozi, Vidole Vyeupe na Ushahidi wa Damu



Ndugu wasomaji, katika baraza yetu ya mwezi huu tumeonelea tuzungumzie maradhi ambayo majina yake ni mageni masikioni mwetu, lakini dalili zake si ngeni majumbani mwetu. Tunakusudia maradhi ya mapafu yanayotokana na mwili kujipiga vita wenyewe, pamoja na vipimo vya damu vinavyotumika kuyatafuta. Sisi si madaktari, ni walimu tuliostaafu, na kazi ya mwalimu ni kulichukua jambo gumu na kulieleza kwa lugha ya nyumbani. Matibabu tunawaachia wenye fani yao.

Kilichotusukuma kuandika ni mazoea tunayoyaona katika jamii yetu hapa Uingereza. Mtu hukohoa miezi mitatu, akajinunulia dawa ya maji dukani, akachemsha tangawizi kwa asali. Akipanda ngazi hutweta, na akiulizwa husema ni utu uzima, au ni hii baridi ya nchi za watu. Siku anapokwenda kwa daktari humweleza habari za kifua tu. Haimjii kumwambia kwamba kila majira ya baridi vidole vyake hugeuka vyeupe kama chaki akigusa maji, kwamba asubuhi viungo humkakamaa hata hawezi kufunga kifungo cha shati, wala kwamba macho yamemkauka mpaka hana machozi ya kulilia. Kwake hayo ni mambo mbalimbali, kila moja limekuja kwa njia yake. Kumbe pengine yote yametoka chungu kimoja, na daktari aliyeambiwa habari za kifua peke yake hawezi kukijua chungu hicho.

MLINZI ANAYEMGEUKIA MWENYE NYUMBA

Neno kingamwili limeundwa kwa maneno mawili tunayoyajua sote. Kingamwili ni protini ndogo zinazotengenezwa na seli nyeupe za damu, zikazunguka mwilini kumtafuta adui aliyeingia, kama vile bakteria au virusi. Kila moja ina umbo linalochukuana na adui wake maalumu, mfano wa ufunguo na kufuli. Ikimpata humganda, na kule kumganda ndiko kunakowaita askari wengine wa mwili waje kummaliza. Mtoto anapochanjwa surua, mwili wake hufundishwa kuziunda kingamwili za surua kabla ya surua yenyewe kubisha hodi.

Mwili wenye siha hubagua kilicho chake na kilicho cha mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Kijerumani, Paul Ehrlich, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alieleza kuwa mwili umejiwekea kizuizi ili usijidhuru. Kizuizi hicho kipo kweli, lakini kwa baadhi ya watu hulegea. Hapo hutokea kingamwili zinazozishika sehemu za mwili wenyewe, kama vile viini vya seli au protini zilizomo ndani yake. Katika makala hii tutaziita kingamwili asi, kwa kuwa zimemwasi yule zilizoumbwa kumlinda.

Sababu ya uasi huu si moja. Ipo sehemu ya urithi, ndiyo maana huweza kuonekana zaidi katika baadhi ya koo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kwa ugonjwa wa lupasi, katika kila wagonjwa kumi takriban tisa ni wanawake, na watu wa asili ya Afrika na wa Bara Hindi hupatwa zaidi kuliko Wazungu. Moshi wa tumbaku na vumbi la mawe ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana. Na jambo la kushika tangu mwanzo ni kuwa maradhi haya hayaambukizi. Hayapiti kwa kikombe, wala kwa pumzi, wala kwa kulala kitanda kimoja.

Elimu ya kingamwili hizi haina umri mkubwa. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic iliyoko Rochester, Minnesota, Marekani, Malcolm Hargraves na wenzake walitangaza kuwa wameona ndani ya uboho wa wagonjwa wa lupasi seli nyeupe zilizomeza viini vya seli nyingine. Mwaka huo huo, na katika hospitali hiyo hiyo, Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni kwa mara ya kwanza, na mwaka 1950 Hench akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kisha mwaka 1957 ikapatikana njia ya kuziona kingamwili hizi kwa rangi inayong'aa chini ya hadubini. Hiyo ndiyo asili ya kipimo ambacho karatasi za hospitali hukiandika ANA.

Baadaye zikajulikana nyingine nyingi, na majina yake huwatatiza wagonjwa: Ro, La, Sm, Jo-1. Asili ya majina hayo si hesabu wala Kilatini. Ni herufi zilizotolewa katika majina ya wagonjwa ambao damu zao ndizo zilizotumika mwanzo kuzigundua. Kwa hivyo nyuma ya kila herufi katika karatasi ile kuna binadamu aliyeugua kama wewe, na damu yake ikawafaa wengine.

KWA NINI MAPAFU?

Wataalamu huyakusanya maradhi haya chini ya jina la maradhi ya tishu unganishi. Tishu unganishi ni zile nyuzi na tando zinazoushikamanisha mwili. Zimo chini ya ngozi, katika viungo, katika kuta za mishipa ya damu, na baina ya vifuko vya hewa vya mapafu. Kwa kuwa zimeenea mwili mzima, ugonjwa wake nao huweza kutokeza popote: leo kidoleni, kesho jichoni, na keshokutwa kifuani.

Mapafu yana mamilioni ya vifuko hivyo, na ukuta wa kifuko ni mwembamba mno ili oksijeni ipenye na kuingia katika damu. Vita vya kingamwili asi vinapofika hapo, ukuta huo huvimba; na uvimbe ukikaa muda mrefu huacha makovu. Pafu lililokuwa laini mfano wa sifongo huanza kuwa gumu, na makovu yakishatanda hayarudi nyuma. Mgonjwa hukohoa kikohozi kikavu kisicho na makohozi, na pumzi humpungukia akitembea. Daktari akimsikiliza kwa chini mgongoni huweza kusikia mlio kama wa karatasi kavu inayofinyangwa. Picha ya eksirei mwanzoni huweza isioneshe kitu. Skani ya CT ndiyo inayofichua.

Wapo wengine ambao vifuko vyao ni salama, lakini mishipa ya damu iendayo mapafuni imekuwa myembamba, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu kuliko kawaida yake. Hawa hutweta bila hata ya kukohoa.

Kwa sababu hii mgonjwa huweza kuzungushwa muda mrefu. Huambiwa ana pumu, akapewa dawa ya kuvuta isiyomfaa. Au yeye mwenyewe, akikumbuka yale tuliyoyaona kwetu, huingiwa na hofu ya kifua kikuu, akakaa kimya kwa kuona haya. Kifua kikuu nacho ni lazima kitafutwe, tena mapema, kwa kuwa kina dawa. Lakini makohozi yakipimwa yakaonekana hayana kitu, na kikohozi kingali pale pale, basi safari ya kutafuta haijamalizika.

SURA ZAKE MBALIMBALI

Tuzitaje chache, ili msomaji azitambue akizikuta.

Wa kwanza ni skleroderma, yaani kukakamaa kwa ngozi. Ngozi ya vidole huvutika ikawa ngumu na ya kung'aa, ngumi haifungiki, mdomo huwa mdogo, na kiungulia humsumbua mgonjwa usiku. Karibu wagonjwa wote huanza na vidole kugeuka rangi kwa baridi, hali iliyoelezwa na daktari wa Kifaransa Maurice Raynaud mwaka 1862 na ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Katika damu, kingamwili iitwayo Scl-70 huashiria hatari kubwa zaidi ya makovu ya mapafu, na ile inayoshika sehemu ya kromosomu iitwayo sentromea huelekea zaidi upande wa shinikizo katika mishipa ya mapafu. Ni mapafu ndiyo yanayowaua wagonjwa wengi wa skleroderma, na kwa hivyo hupimwa hata mgonjwa ambaye hajakohoa.

Wa pili ni ugonjwa wa misuli unaofuatana na kingamwili Jo-1 na ndugu zake. Jo-1 ilielezwa mwaka 1980, na mwaka 1983 ikajulikana kuwa inakishika kimeng'enya ambacho seli hukitumia inapoziunda protini zake. Mgonjwa hudhoofika mapaja na mabega. Hushindwa kuinuka kutoka kwenye msala bila ya kushika kitu, na mwanamke hushindwa kuinua mikono ajisuke nywele. Huwa na homa, viungo humuuma, na pembeni mwa vidole ngozi hupasuka ikawa kavu na chafu kwa mtazamo, kama mikono ya fundi wa magari, ingawa hajawahi kushika spana maishani mwake. Pengine mapafu ndiyo yanayotangulia, na misuli ikafuata baada ya miezi.

Wa tatu ndio wenye haraka kuliko wote. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walieleza kingamwili ambayo mwaka 2009 ilijulikana kuwa inashika protini iitwayo MDA5. Mwenye nayo hutokwa na upele juu ya kope na kwenye vifundo vya vidole, pengine na vidonda viganjani, na misuli yake huweza kuwa na nguvu kama kawaida. Lakini mapafu yake huweza kuharibika katika muda wa wiki chache. Hapa tuna neno kwa watu wa rangi yetu. Vitabu husema upele huo ni mwekundu au wa zambarau, kwa kuwa picha zilizomo aghalabu ni za ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi huweza kuonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya kahawia, na ukapita machoni pa asiyezoea. Kwa hivyo mwoneshe daktari, umwambie: "Hapa hapakuwa hivi."

Wa nne ni ugonjwa unaoitwa kwa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933. Macho hukauka yakawasha kama yaliyotiwa mchanga, na mdomo hukauka hata mkate haumezeki bila ya maji. Kingamwili yake mashuhuri ni Ro. Na wa tano ni baridi yabisi yenyewe, ambayo wengi wetu huidhani ni maradhi ya viungo tu. Nayo hufika mapafuni, na uvutaji wa tumbaku huongeza hatari yake pamoja na kuchochea kingamwili zake ziitwazo CCP. Wanaodhani kuwa moshi wa shisha ni kitu kingine na wajue kuwa nao ni moshi wa tumbaku.

SHAHIDI SI KADHI

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu. Mtu anapoletewa karatasi iliyoandikwa kuwa ANA yake imeonekana, moyo humruka. Wengine hulia, wengine huanza kuandika wasia. Mwingine akiambiwa haikuonekana hushukuru na kufunga jalada. Wote wawili wameharakisha.

Maabara huichanganya sehemu ya majimaji ya damu na maji maalumu, ikazidi kuyapunguza makali, na kila mara hutazama kama kingamwili ingali inaonekana. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1997, uliokusanya damu za watu wazima wa afya kutoka maabara mbalimbali, ilipochanganywa kwa kiwango cha 1:40 kingamwili hizo zilionekana kwa watu takriban 32 katika kila 100. Kwa kiwango cha 1:80 walikuwa 13, na kwa 1:160 walikuwa 5. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Kwa hivyo kuonekana kwake peke yake, khasa kwa kiwango kidogo, si ugonjwa.

Upande wa pili, shahidi huyu pengine hufika kabla ya tukio. Mwaka 2003 ulitolewa utafiti juu ya askari 130 wa Marekani waliopatwa na lupasi, ambao damu zao zilikuwa zimehifadhiwa tangu wakiwa wazima. Ilipopimwa damu ile ya zamani, 88 katika kila 100 walikwisha kuwa na angalau kingamwili asi moja, na kwa baadhi yao ilikuwapo zaidi ya miaka tisa kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Mwenye kingamwili bila ya dalili hapaswi kutishika, lakini anapaswa kuufahamu mwili wake na kurudi kwa daktari pakizuka jambo.

Na yule aliyeambiwa ANA haikuonekana naye asifunge jalada ikiwa dalili zipo. Jo-1 na ndugu zake hushika vitu vilivyomo katika ute wa seli, si ndani ya kiini, na kipimo cha ANA kazi yake kubwa ni kutazama kiini. Huweza basi kuwakosa, na ikabidi kiombwe kipimo chao makhsusi. Daktari atakiomba vipi ikiwa hakuambiwa habari ya misuli na vidole?

Mwaka 2015 jumuiya kubwa za madaktari wa mapafu wa Ulaya na Marekani zilikubaliana juu ya namna ya kuwatazama wagonjwa ambao mapafu yao yana makovu na wana alama za uasi wa kingamwili, lakini hawajatimiza sharti za ugonjwa wowote wenye jina. Walisema zitazamwe pande tatu: dalili za mwili, kingamwili katika damu, na sura ya mapafu yenyewe, na angalau pande mbili zishuhudie. Maabara inatoa ushahidi wa damu. Skani inatoa ushahidi wa mapafu. Ushahidi wa mwili unao wewe mgonjwa, na ukiuficha hakuna mashine itakayoutoa badala yako.

YA KUMWAMBIA DAKTARI

Kabla ya kwenda, andika katika karatasi: vidole kugeuka rangi, viungo kukakamaa asubuhi na kwa muda gani, macho na mdomo kukauka, upele, misuli kudhoofika, chakula kukwama kooni, kiungulia, homa, kupungua uzito. Vidole vikigeuka vyeupe, vipige picha kwa simu, maana siku ya miadi vitakuwa vimekwisha kurudi rangi yake. Tusieleweke vibaya: wengi wa wenye vidole vya namna hii hawana ugonjwa mwingine wowote. Lakini vikianza ukubwani, au vikatoka vidonda, au vikifuatana na kutweta, havifai kupuuzwa.

Taja kazi ulizofanya. Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliiona skleroderma kwa wachonga mawe, na mwaka 1957 ikaelezwa kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Vumbi hilo la mawe bado lipo. Vijana wetu walio katika ujenzi, na khasa wanaokata mawe ya kutengenezwa yanayowekwa jikoni, na wadai maji ya kuzuia vumbi na barakoa za kufaa. Australia iliyapiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024 kwa ajili ya maradhi ya mapafu yanayoletwa na vumbi lake.

Taja dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba, kwani zipo dawa zinazodhuru mapafu zenyewe. Na taja nchi ulizokaa. Dawa za maradhi haya huipunguza nguvu kinga ya mwili, na kifua kikuu kilicholala tangu utotoni huweza kuamka. Hali kadhalika upo mnyoo mdogo uitwao strongiloidi, unaoingia kwa nyayo zikikanyaga udongo wenye najisi, na huweza kukaa tumboni miaka mingi bila ya mtu kujua. Mwenye mnyoo huo akipewa steroidi kwa wingi, unaweza kuzaana na kuenea mwilini hata kumwua. Daktari aliyesomea hapa huenda asiukumbuke mpaka aambiwe: "Nimekulia pwani ya Afrika Mashariki." Kipimo chake kipo, na dawa yake ipo.

Jambo jingine ni ukalimani. Tumezoea kuwachukua watoto wetu watufasirie. Lakini mama hatamwambia daktari habari zake zote mbele ya kijana wake wa miaka 14, na kijana naye hatajua jina la Kiingereza la kukakamaa au kutweta, wala si haki kumbebesha khabari nzito za mzazi wake. Huduma ya afya ya taifa hutoa mkalimani bila ya malipo kwa anayemwomba. Ombeni mapema, wakati wa kupanga miadi.

DAWA, IBADA NA UZAZI

Makovu yaliyokwisha kutanda hayafutiki, lakini uvimbe huweza kutulizwa na makovu mapya yakapunguzwa. Hutumika steroidi, na dawa za kutuliza kinga kama mikofenoleti. Dawa iitwayo nintedanibu, ambayo mwaka 2019 ilithibitika kupunguza kasi ya kupotea kwa nguvu za mapafu kwa wagonjwa wa skleroderma, nayo imeongezwa. Manufaa yote hayo humfikia zaidi aliyekuja mapema.

Mwenye kutumia steroidi kwa muda mrefu asizikate ghafla, si kwa Ramadhani wala kwa kuwa amepata nafuu. Mwili ukishazizoea, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni zake, na dawa ikikatwa kwa ghafla mgonjwa huweza kuzimia, hata kufa. Anayetaka kufunga azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kisha amwulize mwenye elimu ya dini. Ruhusa ya mgonjwa inajulikana na haina aibu. Mwenye kupewa methotrekseti ajue kuwa kwa maradhi haya hunywewa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku ni hatari kubwa. Na anayesafiri kwenda nyumbani amwulize daktari kabla ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa na haiwafai ambao kinga zao zimetulizwa.

Kwa wenye vidole vinavyobadilika rangi, maji ya udhu na yapashwe moto. Tunawajua wazee wanaoona kuwa maji baridi ya alfajiri yana fadhila zaidi. Lakini vidole vya mgonjwa huyu huweza kutoka vidonda vikaoza kwa kukosa damu. Wekeni birika tayari, na taulo, na soksi za mikono karibu na mlango wa kutokea.

Kwa mabinti zetu tuna mambo mawili. Mikofenoleti huharibu mimba na huweza kumtia mtoto kasoro, basi anayeitumia asibebe mimba kabla ya kubadilishiwa dawa. Na mwenye kingamwili Ro amwambie mkunga mapema, kwani kingamwili hiyo huvuka kondo na kwa wachache, mimba kama 1 au 2 katika kila 100, huuziba mwendo wa mapigo ya moyo wa mtoto. Hospitali huweza kuusikiliza moyo huo tangu mtoto akiwa tumboni. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionesha kuwa dawa ya haidroksiklorokwini hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa jambo hilo kurejea kwa mama aliyekwisha kupata mtoto wa namna hiyo.

Ndugu wasomaji, tumeona nyumba ambazo ugonjwa wa namna hii hufichwa ili wachumba wasikimbie, au husemwa kuwa ni jicho la mtu. Dua ni haki ya kila mgonjwa, na wala haigombani na skani. Lakini muda unaopotea katika kuficha ndio muda ambao mapafu hukakamaa. Basi ikiwa mna mzazi anayetweta na vidole vyake si vya kawaida, kaeni naye wiki hii, mwulizeni taratibu, andikeni, kisha mwiteni daktari asikie yote.

Mwezi ujao, tukijaaliwa uhai na uzima, tutazungumzia ulaji wa mwenye kisukari. Wabillahi tawfiq.